Mifuko Miwili na Nusu Kwenye Kiti cha Nyuma

Kwa Ndugu Msimamizi wa Karakana,

Kuhusu: Malalamiko dhidi ya uchunguzi uliofanywa vizuri mno

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mafundi wako wote, jeki zikiwa imara na vidole vikiwa vimetimia. Mimi si mzima sana. Tangu juzi mchana, niliposaini ile karatasi yenu, chakula hakipiti na usingizi umenipa kisogo.

Mimi ndiye dereva wa Mkurugenzi Mkuu. Unanijua: shati jeupe, gari jeusi, yule anayewaomba mafundi wako wavue viatu kabla ya kuingia ndani ya gari. Nimemwendesha Mheshimiwa kwa miaka kumi na saba na magari manne, na hili la sasa ndilo la kifahari kuliko yote. Viti vyake vinapashwa joto, ingawa hatujawahi kupata baridi. Milango yake inajifunga taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa. Muuzaji alituambia kwamba ndani ya gari hili mtu atasikia saa yake ya mkononi ikitembea, na kwa mwaka mmoja na nusu Mheshimiwa aliisikia na akaridhika.

Miezi minne iliyopita akasikia kitu kingine. "Dereva," aliniambia, "kuna kitu kinavuma huku nyuma. Vuuu, vuuu, vuuu. Unasikia?" Nikamjibu, "Nasikia, Mheshimiwa." Sikuwa nasikia chochote. Kesho yake akaniuliza kama mlio bado upo, kwa sauti ya mtu anayetaka uwe umepungua, nikasema umepungua. Keshokutwa akauliza kwa hasira, nikasema leo umezidi. Hivyo ndivyo ninavyofanya kazi, Ndugu Msimamizi, na katika miaka yote hiyo sijawahi kupewa barua ya onyo.

Ndipo tukalileta gari kwenu. Malalamiko yangu nayaandika kwa namba, usije ukasema hukuelewa.

1. Nalalamika kwamba mliutafuta mlio kwa kweli. Karakana tuliyoitumia zamani ilikuwa na ustaarabu wake. Ililiosha gari, ikaongeza upepo kwenye matairi, ikaandika "tatizo limeshughulikiwa", na Mheshimiwa akajisikia nafuu kwa wiki mbili. Kwenu nikakabidhiwa kwa fundi mkuu, yule mama mnayemwita Daktari kwa sababu ya kile kipimo cha kusikilizia anachoning'iniza shingoni. Alizima redio. Alizima kiyoyozi. Akaniambia ninyamaze, jambo ambalo halikunipa shida, nimelifanyia mazoezi miaka kumi na saba. Tulipofika mwendo wa themanini akaniamuru nitoe gia, gari lijiendee lenyewe, aone kama mlio ni wa injini. Haukuwa wa injini. Akaniambia niuyumbishe usukani kushoto na kulia, aone kama ni beringi. Haikuwa beringi. Akabandika utepe wa karatasi kwenye mianya yote ya milango, aone kama ni upepo unaopenya, na gari la Mkurugenzi Mkuu likapita mbele za watu likiwa limefungwa kama kifurushi cha posta. Haukuwa upepo. Nilifurahi sana. Nilijua sasa ataandika kwamba hakuna kitu, twende zetu nyumbani.

Hakuandika. Alishuka, akapiga goti, akapitisha kiganja juu ya tairi la nyuma kushoto, akakipeleka mbele, akakirudisha nyuma. Akaniita nami nipapase. Upande wa ndani mpira ulikuwa umelika meno meno kama msumeno. Ukipeleka mkono huku unateleza, ukiurudisha unakwaruza. "Linalolia ni hili," alisema. "Lakini tukiwa mimi na wewe tu, halilii. Linalia likielemewa. Nani anakaa hapa nyuma?"

Nilitazama viatu vyangu. Hapo ndipo ningepaswa kuwasha gari na kuondoka.

2. Nalalamika kuhusu saruji. Daktari aliniuliza Mheshimiwa ana uzito gani. Nikamwambia hilo si swali la kumuuliza dereva. Akasema hawezi kumwita Mkurugenzi Mkuu aje kukaa kwenye gari la majaribio, nami nikakubali kwamba kweli hawezi. Basi akatazama uani, pale mwashi wenu anapojenga ule ukuta, na baada ya dakika mbili mafundi wawili wakaja wamebeba mfuko wa saruji. Wakatandika gazeti, wakaukalisha kwenye kiti cha nyuma kushoto. Daktari akauliza, "Unatosha?" Nikamjibu kwamba Mheshimiwa ni mtu wa wastani. Akanitazama juu ya miwani. "Kaka, mimi natibu tairi, sitafuti cheo." Wakaleta wa pili. Gari likaanza kupiga kengele kwamba abiria hajafunga mkanda, ikabidi tuifunge ile mifuko mkanda.

Tulikwenda hadi ile barabara mpya inayopita mbele ya ofisi yetu, kwa sababu lami yake ni laini na kokoto haziwezi kusingiziwa mlio. Kimya. Daktari akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Niambie kweli, kaka. Ndiyo yeye huyu, au bado kidogo?" Sijui nini kilinipata. Labda ni kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuniomba ukweli kwa upole namna ile. Nikasema, "Ongeza nusu."

Tukarudi, mwashi akatoa mfuko aliokwisha kuutumia nusu, tukaondoka tena. Safari hii, mbele ya ofisi, redio na kiyoyozi vikiwa vimezimwa, nikausikia. Vuuu, vuuu, vuuu. Miezi minne nilikuwa naukubali mlio huo bila kuusikia, na siku nilipousikia niliachia mafuta, gari likajiendea lenyewe. Mheshimiwa alikuwa anasema kweli muda wote, peke yake huko nyuma, na mimi mbele namwitikia tu. Niseme wazi kwamba nilimwonea huruma.

Lakini huruma haikudumu, maana mlinzi wa lango aliliona gari, akaona vioo vyeusi, akafungua lango na kusimama wima mkono kwenye paji la uso. Ningempitaje? Nikaingia. Nilipofika kwenye ngazi, miguu na mikono ilifanya kazi yenyewe. Nilishuka, nikazunguka gari, nikafungua mlango wa nyuma kushoto, nikainama kidogo na kusema, "Tumefika, Mheshimiwa." Mifuko miwili na nusu ya saruji ilikuwa imetulia kwenye mkanda wake. Juu dirishani alikuwepo katibu muhtasi na kikombe chake cha chai. Daktari hakucheka, na kwa hilo namshukuru, ila aliandika kitu kwenye daftari.

3. Nalalamika kuhusu maneno ya ripoti. Nayanakili kama yalivyo: "Mlio hutokea pale gari linapobeba mifuko miwili na nusu ya saruji, au kitu kinacholingana nayo, katika kiti cha nyuma kushoto." Kitu, Ndugu Msimamizi! Mtu ambaye akikohoa ghorofa nzima hutafuta maji ya kumpelekea, mmemwita kitu kinacholingana na saruji. Na kama hiyo haitoshi, chini yake mmeandika: "Makadirio ya uzito yametolewa kwa hisani ya dereva." Halafu mkanipa kalamu nisaini, nami nikasaini, kwa sababu karatasi ikiwekwa mbele yangu huwa nasaini.

Labda hujui ofisi yetu inavyowatendea wasema kweli. Tulikuwa na karani mmoja, mtu mwema, mwenye mwandiko mzuri. Siku moja alimnong'oneza Mheshimiwa, kwa nia njema kabisa, kwamba kwenye hotuba yake ukurasa wa tatu ameusoma mara mbili. Leo karani yule yuko ghalani anahesabu makabati ya chuma. Akimaliza kuyahesabu, anaambiwa aanze upya kutokea upande mwingine. Na yeye alisema juu ya ukurasa mmoja tu. Mimi nimesema juu ya mwili.

Nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Nyumba ninayokaa ni ya ofisi, inakwenda na usukani. Nikiuacha usukani leo, kesho natoa masufuria nje. Mama watoto nimemsomea nakala ya ripoti yenu jikoni. Alifunika sufuria, akaniuliza, "Sasa wewe hiyo nusu uliitoa wapi?" Mifuko miwili ningeweza kuitetea, ningesema ni mkao wa kiti. Nusu inaonyesha kwamba mtu alikaa akafikiri.

4. Nalalamika kuhusu ushauri wenu. Tairi libadilishwe, sawa. Magurudumu yanyooshwe, sawa. Lakini mmeandika pia kwamba "abiria awe anabadilisha upande wa kukaa kila mwezi ili uzito usielemee upande mmoja." Inaonekana mnafikiri mtu mkubwa anakaa kushoto kwa sababu anapenda kushoto. Mheshimiwa anakaa kushoto kwa sababu wote wanaompokea wamesimama kushoto. Mlinzi anapiga saluti kushoto. Mwenye mwavuli anangoja kushoto. Naibu wake, yule mwembamba mwenye tai ndefu, amesimama hapo na faili miaka sita, na lami pale anaposimama imeingia shimo dogo. Mwaka juzi mlango wa kushoto uligoma, Mheshimiwa akashukia kulia. Watu kumi na mmoja waliusalimia mlango uliofungwa, na yeye akabaki amesimama upande wa pili juani, hana hata wa kumwambia habari za asubuhi. Kwa wiki mbili baada ya hapo hakuna karatasi iliyotoka na saini. Nyinyi mnasema kila mwezi.

Baada ya malalamiko hayo, naomba kwa heshima zote ripoti ibadilishwe kabla tarishi wenu hajaileta ofisini Jumatatu. Sitaki kuwapangia kazi, lakini nimefikiria njia kadhaa.

Ya kwanza ni kuisingizia barabara. Lami haina familia, haina nyumba ya ofisi, na hakuna atakayeihamishia ghalani. Tatizo ni kwamba barabara ile ilizinduliwa na Mheshimiwa mwenyewe, na utepe alioukata ameuweka kwenye fremu. Basi iacheni.

Pengine mngeandika kwamba mlio ule ni sehemu ya gari, umewekwa makusudi na watengenezaji, na kwamba magari ya bei ndogo hayana. Mheshimiwa angeupenda. Ila najua tabia yake: angeanza kuwasikilizisha wageni, na mgeni mmoja mwembamba akipanda peke yake asiusikie, tutaulizwa umekwenda wapi.

Au nisingizieni mimi. Andikeni kwamba mzito ni dereva. Nina kilo hamsini na nane nikiwa na viatu, lakini niko tayari kunenepa kwa ajili ya kazi. Nimeshaanza. Jana nilirudia sahani mara tatu nikilia, na mama watoto amekubali kushona upya suruali zangu zote. Mkinipa hadi mwisho wa mwaka, naamini naweza kufika mfuko mmoja na robo.

Kama hilo nalo halifai, basi lipo la mwisho, na hili naliona ndilo la busara. Badala ya kumhamisha Mheshimiwa, tumtafutie mwenza. Mifuko miwili na nusu ya saruji ikae kwenye kiti cha nyuma kulia, siku zote, mkanda umefungwa. Uzito utalingana pande zote mbili na matairi yatalika kwa haki. Tunaweza kuivisha koti na kuifungulia jalada kama Mshauri Maalumu. Hakuna atakayeshangaa, maana washauri waliowahi kukaa upande ule wote walikuwa hivyo hivyo, hawasemi kitu na hawashuki mpaka washushwe. Mlinzi ameshaipigia saluti mara moja, kwa hiyo wanajuana. Naomba tu iwe saruji mpya, isiyovuja, kwa sababu ya zulia.

Sina ugomvi na fundi wako. Ningekuwa na gari langu mwenyewe, ningempelekea yeye na si mwingine. Nilichojifunza ni kwamba ukweli una mahali pake, na kwa gari la kifahari mahali hapo si kiti cha nyuma kushoto. Ukinisaidia katika hili nitakushukuru mpaka nistaafu, na nikishastaafu nitakuja kukushukuru kwa miguu.

Nisalimie mafundi wote, walioubeba mfuko wa kwanza na walioubeba wa pili. Msalimie mwashi, umwambie nusu yake ilifika salama. Msalimie yule mama wa mapokezi anayetunza funguo, msalimie anayeosha magari, nisalimie na watu wa nyumbani kwako ingawa hatujaonana. Daktari msalimie kipekee, umwambie mkono wangu mpaka leo unakumbuka yale meno.

Wako katika utumishi, na ninaomba niendelee kuwa katika utumishi,

Dereva wa Mkurugenzi Mkuu

Baada ya kusaini:

Ndugu Msimamizi, nilikuwa nalamba gundi ya bahasha nilipoitwa juu. Tarishi wenu hakungoja Jumatatu. Ameileta ripoti leo asubuhi, na Mheshimiwa ameisoma akiwa ndani ya kikao na wakurugenzi wote. Nilipanda ngazi nikimwomba Mungu anitunzie watoto. Nilipoingia, kila mtu alikuwa anatazama meza. Mheshimiwa alikuwa ameishika ile karatasi kwa mikono miwili.

"Gari la daraja hili," alisema, "gari la kifahari, limeletwa kwa meli, limeshindwa kunibeba. Mafundi wamethibitisha, wameandika." Akaisoma ripoti yote kwa sauti, kuanzia injini hadi saruji, na alipofika kwenye kitu kinacholingana nayo akapiga meza kwa furaha. Kisha akamtazama naibu wake, yule mwembamba, akamuuliza kwa upole kama tairi limewahi kulia kwa ajili yake. Naibu akasema hapana, Mheshimiwa, na nilivyomwona nadhani atatafuta chakula leo hii. Kikao kimepitisha linunuliwe gari kubwa zaidi, lenye matairi ya kubeba mtu wa uzito wake. Kufikia saa sita wakurugenzi wawili walikuwa wamenipigia simu kwa siri, wanauliza mnapima siku gani na kama mtu anaruhusiwa kuja ameshakula.

Kuhusu mimi, Mheshimiwa alisimama mbele ya wote, akaniwekea mkono begani na kusema, "Huyu ndiye mtu pekee katika ofisi hii aliyethubutu kusema ukweli juu yangu. Huyu atakuwa na mimi mpaka astaafu, na nyumba ni yake." Wakapiga makofi. Nikaona haya, kwa sababu barua hii ilikuwa kwenye mfuko wa shati langu. Nilipotoka nilimpigia mama watoto, akalia, akasema nisile tena.

Kwa hiyo tafadhali yapuuze yote niliyoandika hapo juu. Ripoti yenu ni nzuri na isiguswe neno, isipokuwa moja. Wakati natoka, Mheshimiwa alinivuta pembeni, akanionyesha mstari kwa kidole. "Na nusu," alisema. "Nusu ya nini? Mkurugenzi Mkuu ana nusu?" Alionekana ameumia kweli. Naomba muandike mifuko minne. Mkiulizwa, semeni makadirio ni ya dereva. Mimi ofisini sasa najulikana kwa ukweli.